Usinunue gia ya gari unaloliota

  

Wiki hii mambo ya viatu na mitindo ya nywele naomba yapumzike kidogo. Dada zangu msifunge ukurasa, maana kuna shemeji yenu humu ndani kanuna, na ana sababu zake.

Nimepata barua kutoka kwa kijana mmoja wa Mbagala, umri miaka 23, ambaye ameomba nisimtaje jina. Anasema kaka yake aliyeko Muscat alimletea zawadi ya usukani wa gemu, Logitech G29, pamoja na pedeli zake tatu. Ameufunga kwenye meza ya chumbani, anacheza kwa kompyuta, na masela wote wa mtaa wamehamia kwake. Sasa anataka kuongeza mkono wa gia. Hela anayo, ameikusanya kidogo kidogo kwenye kibanda chake cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa.

Tatizo ni kwamba mjomba wake ana Canter ya kubeba matofali, na amemwambia wazi: siku utakayojua kuendesha manyuo na ukawa na leseni mkononi, gari unakabidhiwa. Kijana anaona mkono wa gia utamfundisha. Mchumba wake anaona hela ile ni ya shule ya udereva, na kwamba bwana anataka kuimalizia kwenye "gari la hewani". Wiki ya pili sasa hawasemeshani vizuri. Ananiuliza maswali mawili: anunue gia ipi, na je, shemeji ana haki ya kununa?

Ndugu yangu, tulia kwenye kiti nikupe mambo. Nitaanza na gia, shemeji nitamrudia mwishoni.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Huo mkono wa gia ni kiboksi kinachobanwa mezani pembeni ya usukani. Ndani yake hakuna gia hata moja. Kuna kifaa kinachosoma mkono wako umeupeleka wapi, kisha kinaiambia gemu: huyu kaweka namba 3. Basi. Hilo liweke akilini maana litaturudia.

Aina ziko mbili. Ya kwanza ni ile ya herufi H: namba 1 juu kushoto, 2 chini yake, 3 juu katikati, na kuendelea. Ya pili inakwenda mbele na nyuma tu, wenyewe wanaiita sikwensho. Kwa kawaida unauvuta mkono kuja kwako kupandisha gia na kuusukuma mbele kushusha. Halafu kuna vile vibao viwili nyuma ya usukani, cha kulia kinapandisha na cha kushoto kinashusha. Hivyo kwenye G29 unavyo tayari, hujalipia hata senti ya ziada.

Hapa ndipo vijana wengi wanapoingizwa mjini. Mtu anaona video, jamaa kakaa kwenye kiti cha mbio, anapiga gia kwa madaha, roho inamtoka. Anakimbilia dukani. Akifika nyumbani anafungua gemu ya Formula One, halafu anashangaa mkono wa gia unakaa pale kama pambo la sebuleni.

Lazima uwe pambo, bwana! Ferrari walipeleka gari lao la 640 kwenye mbio za Brazil mwaka 1989 likiwa na gia za kubonyeza nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo mbio ile ile ya kwanza. Baada ya hapo wengine wote wakafuata njia hiyo, na leo dereva wa Formula One hana mkono wa gia wa kushika. Magari ya mbio ya GT3, yale yanayofanana na magari ya kifahari ya barabarani, nayo ni vibao. Kama gemu zako ni za aina hiyo, funga mkoba wako. Unacho kila kitu.

Wewe ni mtu wa rali? Hapo sikwensho ina maana. Magari ya Rally1, yaliyoanza kutumika kwenye mashindano ya dunia mwaka 2022, yana gia 5 za mkono wa kuvuta na kusukuma. Vibao vya usukanini vilivyokuwepo kwenye magari ya kabla yake viliondolewa. Kwa hiyo yale magari unayoyaona yakitimua vumbi kule Naivasha kwenye Safari Rally, mkono wa dereva unaruka kutoka kwenye usukani hadi kwenye gia na kurudi. Klachi wanaitumia zaidi kuondokea tu.

Lakini kama unapenda magari ya zamani, kama Datsun 240Z ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo Safari mwaka 1973, hiyo ni H. Vivyo hivyo Toyota Corolla AE86 yenye gia 5, na Nissan Skyline GT-R R34 ya mwaka 1999 yenye gia 6. Na malori pia. Gemu ya Euro Truck Simulator 2 iliyotoka mwaka 2012 ina Scania, Volvo, MAN na DAF, na ndani yake kuna gia nyingi kuliko vidole vyako. Wachezaji wanachofanya ni kutumia H ya gia 6 pamoja na kitufe cha kuhamisha kutoka gia za chini kwenda za juu. Sita mara mbili, unapata 12.

Sasa mtu wangu wa Mbagala, gari linalokusubiri ni Canter. Gia yako ni H. Sikwensho kwako itakuwa sawa na kujifunza kuogelea kwenye mchanga.

Jambo la pili, na hili limewaliza wengi: je, usukani wako utaukubali huo mkono? Siyo kila gia inaongea na kila usukani. Logitech wana mkono wao unaoitwa Driving Force Shifter. Una gia 6 za H, na rivasi unaipata kwa kubonyeza kirungu chini kwanza. Waya wake una plagi pana ya pini 9 na unachomekwa kwenye usukani wenyewe. Unaingia kwenye G29, G920 na G923. Ukiuchukua peke yake ukataka kuuchomeka kwenye kompyuta au kwenye usukani wa Thrustmaster, utatafuta kibadilisho cha pembeni.

Thrustmaster nao wana TH8A. Huo una gia 7 na rivasi, na ukifungua skrubu ukabadilisha bati la juu unageuka sikwensho. Kwa hiyo mmoja unafanya kazi mbili. Una waya wa USB, kwa hiyo kwenye kompyuta unaweza kukaa pamoja na G29 bila ugomvi, maana kompyuta haijali undugu. Ila kwenye PlayStation au Xbox mambo ni tofauti: pale hakikisha kwanza kama gemu yako inaukubali pamoja na usukani wako.  Mwaka 2022 akatoka mdogo wake, TH8S, wa bei nafuu zaidi. Naye ana gia 7 na rivasi, ila ni H peke yake.

Na vile viboksi vya bei poa visivyo na jina, vinavyosifiwa kwamba vinaingia popote? Vingi vyake vinaingia kwenye kompyuta tu. Kama unachezea PlayStation, muuzaji akikwambia "itakubali tu, kaka", mwambie aiwashe mbele yako. Akianza longolongo, salimia uondoke.

Bei sasa. Zile zinazotangazwa nje, mkono wa Logitech umekuwa ukiuzwa kama dola 60, na TH8A umefika kama dola 200. Zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo, ongeza ya kusafirisha, ongeza ya forodha, kisha kaa chini unywe maji.

Tofauti ya bei inatoka wapi? Nyingine ni chuma na uzito, na nyingine iko kwenye kile kifaa cha kusomea. Kwenye mkono wa Logitech ni vipande vinavyosuguana, vya aina ile ile ya kitufe cha kuongezea sauti kwenye redio ya kizamani. Si unaikumbuka redio ya babu, ukizungusha kitufe inakwaruza kraa-kraa? Ni vumbi na kuchakaa. Mkono wa gia nao unaweza kufikia hapo: unaweka namba 4, gemu inasoma 6. Wenye ujuzi huufungua wakausafisha, ukarudi kazini. TH8A unasoma kwa sumaku, hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna cha kusagika pale. Kwa mji wetu wenye vumbi na chumvi ya bahari hilo si jambo dogo, lakini nalo lina bei yake.

Tatu, klachi. H bila pedeli ya klachi ni ugali bila mboga: utashiba lakini hutafurahi. G29 yako ina pedeli tatu, hongera. Wenzetu wenye Thrustmaster T150 na nyingine za pedeli mbili, kabla hamjanunua gia fikirieni kwanza mguu wa kushoto utakanyaga nini. Na ukishafunga kila kitu, ingia kwenye mipangilio ya gemu uzime ile klachi inayojikanyaga yenyewe. Usipoizima utakuwa unapiga gia bila mguu na unajidanganya mchana kweupe.

Nne, meza. Usicheke. Mkono wa gia unasukumwa na kuvutwa mara mia kwa saa moja. Meza ya plastiki itacheza mduara. Mkono wa Logitech una vibanio vyake, na chini una matundu ya bolti. Mtafute fundi seremala akukatie plaiwudi nene, utoboe, ukaze kwa nati. Ukiwa umekaa, kirungu kiwe chini kidogo ya usukani na kiwiko chako kikunjike bila kujinyoosha. Na kwa walio kwenye vyumba vya kupanga, weka kipande cha godoro au zulia chini ya miguu ya meza. Saa sita usiku ile ka-ka-ka inapita kwenye ukuta, na mwenye nyumba hajui habari za AE86.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye video za wazungu hutalisikia mara nyingi. Sisi usukani wetu uko kulia, gia tunapiga kwa mkono wa kushoto. Wamarekani na wengi wa Ulaya usukani wao uko kushoto, ndiyo maana kwenye video unaona mkono wa gia umefungwa upande wa kulia. Ukiiga hivyo, utaufundisha mkono ambao ndani ya Canter utakuwa upande wa mlango! Funga kushoto. Mpangilio wa H haugeuki, namba 1 inabaki juu kushoto, ila sasa iko mbali na mwili wako badala ya kuwa karibu. Na kwenye gemu chagua gari lenye usukani wa kulia. Assetto Corsa ina nyongeza ya magari ya Kijapani inayouzwa pembeni, na humo AE86 na Skyline R34 zote zimo. Kwenye Euro Truck Simulator 2 kuna Uingereza, ambako wanapita kushoto kama sisi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe zito. Je, hii kitu inafundisha udereva?

Inafundisha nusu. Nusu yenyewe ni nzuri, tusiidharau. Mkono utajua 3 iko wapi bila macho kushuka chini. Mguu wa kulia utajifunza kuachia mafuta wakati wa kushoto unakanyaga klachi. Utazoea kushusha gia kabla ya kona badala ya katikati ya kona. Mtu anayeingia shule ya udereva akiwa na hayo hababaiki siku ya kwanza kama yule ambaye hata klachi haijui.

Nusu iliyobaki haimo kabisa. Unakumbuka nilisema ndani ya kiboksi hakuna gia? Ndiyo maana mkono utaingia namba yoyote hata kama hujakanyaga klachi. Gemu inaweza kukataa au kukupigia mlio wa kusaga, lakini mkononi huhisi kitu. Canter ya mjomba itakuonyesha kwa vitendo, na gia boksi ikisagika atakayelia ni mjomba. Pedeli ya klachi ya gemu ni springi tu, haina pale mahali ambapo gari linaanza kutetemeka na kutaka kuondoka. Mahali hapo ndipo udereva wa manyuo ulipo: mlimani, foleni imesimama, nyuma yako daladala imekuganda. Na chumbani hakuna bodaboda inayokatiza, hakuna mtoto anayekimbilia mpira, hakuna kioo cha pembeni cha kuangalia wakati una tani za matofali mgongoni. Hayo mwalimu aliyekaa kiti cha pembeni ndiye anayeyajua.

Na kwa wale wanaotaka gia ili wawafunge masela zao kwenye mbio, pole sana. Vibao vya usukanini vina haraka zaidi. Kidole kinasogea kidogo tu, mikono yote miwili inabaki kwenye usukani. Mwenye H anakanyaga, anaachia, anasafiri na mkono kwenda na kurudi. Utafungwa, na utafurahi. Anayetaka kushinda aangalie kwanza anavyokanyaga breki.

Kama utanunua mkono uliotumika, pale Kariakoo au kwa mtu, fanya hivi. Usinunue bila kuuona ukifanya kazi na usukani. Ingiza gia zote, kila moja mara 10, huku unaangalia kwenye skrini kama namba inayosomeka ndiyo uliyoweka. Ikiruka hata mara moja, ni kimeo au inahitaji kufunguliwa, na bei ishuke hapo hapo. Ukiwa ndani ya gia tikisa mkono kidogo: isitoke yenyewe. Jaribu rivasi mara kadhaa. Angalia vibanio kama vimepasuka, na waya pale unapoingilia kwenye plagi kama umekatika. Dakika 15 zinatosha, na muuzaji mkweli hatakukimbiza.

Haya, ndugu yangu wa Mbagala, hukumu yako hii hapa. Achana na TH8A, ni mzuri lakini ni wa mfuko mwingine. Kwa G29 yako na kwa Canter inayokusubiri, Driving Force Shifter inakutosha kabisa, mpya au iliyotumika ikipita majaribio hayo. Ila siyo kesho. Kesho nenda shule ya udereva na ada mkononi, risiti mpelekee shemeji. Kitakachobaki ndicho cha gia. Kisipotosha, subiri mwezi, subiri miwili. G29 haiozi. Lakini mjomba akichoka kusubiri, Canter atampa mtoto wa jirani, na hapo hata uwe na gia saba za sumaku hazitakubebea tofali moja.

Tena ukiwa tayari umeanza shule, mkono wa gia utakufaa maradufu. Ulichofundishwa asubuhi barabarani unakirudia jioni chumbani, dakika 20 kila siku, macho mbele, mkono wa kushoto unatafuta namba wenyewe. Bila shule utakuwa unarudia nini?

Na wewe shemeji, najua gazeti hili unalisoma kwa kuazima. Kununa una haki, kwa sababu leseni ndiyo itakayoweka chakula mezani kwenu. Lakini usiuite ule usukani upuuzi. Kijana anayekaa nyumbani jioni anapanga gia zake mbele ya macho yako, wenzio wanamtafuta na hawampati. Siku moja kaa wewe kwenye kile kiti, ukanyage klachi, uweke namba 1, uone inavyozimika. Mtacheka, na kununa kutaisha kwenyewe.

Kwa leo naomba niishie hapa maana mhariri ananionyesha saa. Wenye maswali, maoni au matusi ya kistaarabu, niandikieni kupitia gazeti hili hili. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Poa!